Kumtafuta Ali wa Nguo Nyingi

Bei ya kisiwa cha Kilwa ilikuwa nguo. Ndivyo wanavyosimulia wazee wa pwani ya kusini, na ndivyo vitabu vilivyoandika. Mgeni kutoka Shirazi alishuka kisiwani, akamkuta mwenyeji, akaomba auziwe ardhi yote. Mwenyeji akataka nguo za kukizunguka kisiwa pande zote. Mgeni hakubishana. Alifungua marobota yake, vitambaa vya rangi vikatandikwa ufukoni mpaka ncha ya mwisho ikagusana na ya kwanza, na mwenyeji akavuka kwenda bara na mali yake. Mgeni huyo ndiye Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa kuwa mfalme wa kwanza wa Kilwa, na jina lake la utani ni Nguo Nyingi. Aliyewahi kuziona pembe za kisiwa zilizojaa mikoko na tope la kuzamisha goti atajiuliza vitambaa hivyo vilitandikwa juu ya nini, lakini hadithi haina haja ya kujibu swali la namna hiyo.

Nilikwenda Kilwa Kisiwani kwa ajili yake. Wageni wengi huenda kutazama magofu, na hawakosei, maana pwani nzima ya Afrika Mashariki haina magofu mengine yenye ukubwa na uzuri wa haya. Mimi nilikuwa na maswali machache ya kuyauliza yale mawe. Ali alikuwapo kweli? Kama alikuwapo, alikuja lini? Na alipofika, alikuta nini?

Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kiasi cha kilomita 300 kuelekea kusini. Mkuranga inapita, Kibiti inapita, kisha Mto Rufiji unajitandaza chini ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwapumzisha watu wa kusini na adha ya kivuko. Baada ya hapo ni mikorosho, vijiji vya wauza mkaa, na Somanga, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya basi na samaki wa kukaanga. Nunua. Nangurukuru ni njia panda: ukinyoosha unakwenda Lindi, ukikata kushoto unaelekea baharini. Njiani kuna tawi la kwenda Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 ulikoishia misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe na watumwa. Kivinje inastahili makala yake yenyewe, maana Ali si mtu wa huko. Ukifika Kilwa Masoko, lami inakwisha mbele ya maji ya buluu, na kisiwa kipo pale mbele.

Kabla ya kuvuka, afadhali mtu ajue vitabu vinasema nini, kwa sababu havikubaliani.

Cha kwanza ni tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, iitwayo Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Nakala tuliyonayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, balozi wa Uingereza, na leo imehifadhiwa London. Cha pili ni kazi ya Mreno João de Barros, mtu ambaye hakuwahi kuiona Kilwa kwa macho yake lakini alipata habari za wafalme wake baada ya Wareno kuuteka mji, akazichapisha Lisbon mwaka 1552. Habari zote mbili ziliandikwa katika karne ya 16, Ali akiwa ameshalala kaburini kwa mamia ya miaka.

Kitabu cha Kiarabu kinaanza na ndoto. Sultani wa Shirazi aliota panya mwenye pua ya chuma akiguguna kuta za mji, akafahamu kwamba nchi yake itaangamia, akaondoka na wanawe sita katika majahazi saba. Kila jahazi lilitia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, la sita Kilwa, la saba Nzwani katika visiwa vya Komoro. Ni hadithi nzuri mno. Ramani nzima ya miji ya biashara imewekwa ndani ya familia moja, baba na wanawe, kana kwamba bandari zile zilikuwa ndugu wa tumbo moja na zilipaswa kuheshimiana kwa umri. Msomaji anayejua jinsi miji ya pwani ilivyogombea ukubwa ataona mara moja hadithi hii ilikuwa na kazi gani.

Ali wa Barros ni mtu mwingine. Baba yake ni sultani wa Shirazi aitwaye Husein, na mama yake ni mjakazi wa Kihabeshi. Ndugu zake, waliozaliwa na mama wa Kiajemi, walimdharau, naye akachoka. Akachukua mke, watoto na wafuasi wachache, akapanda chombo Hormuz akiwa na majahazi mawili tu. Alipofika Mogadishu na Barawa alikuta Waarabu wa madhehebu mengine wamekwisha kukaa, na yeye alitaka mahali atakapokuwa bwana, asiwe mpangaji. Basi akashuka kusini mpaka Kilwa. Huyu naona anapumua. Sisemi kwamba habari zake ni za kweli zaidi. Nasema tu kwamba mtu anayekimbia dharau ya ndugu zake namwelewa kuliko anayekimbia ndoto ya panya.

Wanahistoria wa zamani walipopiga hesabu ya miaka kwa kufuata vitabu hivi walimweka Ali mwaka 957, na tarehe hiyo bado inazunguka katika vitabu vya shule na vipeperushi vya watalii.

Kuna pia simulizi ya tatu, ya Kiswahili, iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907 kama ilivyosemwa na wenyeji. Hapo mwenye kisiwa ana jina: Mrimba. Nguo zipo vilevile, na zinakizunguka kisiwa vilevile, lakini kuna jambo ambalo wale wengine hawakulijali. Mshirazi alimwoa binti ya Mrimba. Mtoto aliyezaliwa alikuwa mjukuu wa mwenyeji. Naipenda simulizi hii kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee inayokumbuka kuwa kulikuwa na mwanamke.

Mashua inaondoka gatini Masoko tanga likishika upepo, au mashine ikinguruma kama upepo umegoma. Mkondo huu kati ya bara na kisiwa ni miongoni mwa bandari bora za asili katika pwani yote: una kina, una kinga dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, na maji yake yana rangi ambayo ukiipaka ukutani watu watasema umezidisha. Majahazi ya kutoka Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yalikuja hapa na kaskazi na kurudi na kusi. Kwa kawaida upepo wa msimu mmoja ulimfikisha nahodha umbali wa Kilwa. Aliyetaka kwenda kusini zaidi, mpaka Sofala kwenye dhahabu, ilimbidi asubiri au aache mali yake mikononi mwa watu wa Kilwa. Utajiri wa mji ulikaa hapo, katika kusubiri kwa wengine.

Hadithi inasema zamani maji yalipokupwa mtu aliweza kuvuka mkondo huu kwa miguu. Mwenye kisiwa alipojuta kuuza alirudi na watu wake ili akitwae kwa nguvu, akakuta Ali amekwisha kuuchimba mkondo, bahari imejaa na haikupwi tena. Nilimuuliza nahodha aliyekuwa ameshika usukani, mtu wa makamo mwenye kofia iliyofifia, jembe gani lilichimba kina hiki.

"Jembe? Hapana, ndugu yangu," akasema bila kugeuza kichwa. "Ilisomwa Kurani."

Ndivyo inavyosimuliwa hata katika Kiswahili cha 1907: bahari ilifungwa kwa kisomo. Kitabu cha Kiarabu, kilichoandikwa na mtu msomi, ndicho kilichochagua uchimbaji.

Kitu cha kwanza kukupokea kisiwani ni Gereza, ngome yenye lango la mbao, ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye. Ipite. Ni nzuri, lakini ni ya watu waliokuja mwishoni. Panda njia ya mchanga kati ya minazi na mibuyu, salimia waliokaa barazani, shikamoo kwa wazee, na mlinzi wa mambo ya kale atakuongoza mpaka Msikiti Mkuu.

Hapo nilikaa sana. Sehemu ya kaskazini ni ndogo na ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au 12. Sehemu ya kusini ni pana, imefunikwa na kuba na mapaa ya mviringo yaliyobebwa na nguzo za pembe nane, na mwanga unaingia kwa pembeni ukitambaa juu ya chokaa iliyoota ukijani. Kwa karne kadhaa ulikuwa miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa ya pwani ya Afrika Mashariki. Upanuzi mkubwa ulifanyika mwanzoni mwa karne ya 14, paa likaporomoka, ukajengwa tena katika karne ya 15. Yote hayo kwa mali ya bahari. Matumbawe yakitolewa majini yakiwa mabichi hukatika kwa urahisi, ukiyaacha hewani yanakuwa jiwe. Yale yasiyofaa kuchongwa yanachomwa kwenye tanuri la kuni kupata chokaa. Na boriti za mikoko ndizo zinazobeba paa bapa. Kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu wa kupita kiasi, vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ni vyembamba, kuanzia Lamu hadi hapa. Fundi wa Kilwa aliyetaka ukumbi mpana alilazimika kujifunza kupandisha kuba, na alijifunza.

Lakini Ali hayumo katika msikiti unaouona. Labda yumo chini yake.

Mtu aliyekwenda kumtafuta huko chini ni Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza kuchimba Kilwa mwaka 1958 na kuendelea hadi 1965, kisha akatoa mabuku mawili mazito mwaka 1974. Alikata mitaro mirefu kati ya magofu, akashuka tabaka baada ya tabaka. Chini kabisa, kabla ya ukuta wowote wa jiwe, alikuta mji. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Watu walifua chuma, na mavi ya chuma yamebaki kuwa ushahidi. Walitengeneza ushanga kwa magamba ya konokono wa baharini, walikula samaki kwa wingi, walipikia vyungu vya nakshi ya aina inayochimbuliwa pwani yote na hata bara. Hapa na pale kulikuwa na kipande cha mtungi wenye rangi ya kijani na buluu kutoka Ghuba. Huo ni mji wa karne ya 9, na haukuwa kijiji kilicholala kikingoja mnunuzi. Ulikuwa unafanya biashara na Uajemi kabla ya Mwajemi yeyote wa hadithi kupanda chombo.

Kwa hiyo ile bei ya nguo inahitaji kutazamwa upya. Hata mwandishi wa tarehe ya Kiarabu alishindwa kuficha: anakiri kwamba Ali alipofika alimkuta Mwislamu mmoja, Muriri wa Bari, pamoja na watu wake, na msikiti ukiwa umesimama. Mwanzilishi wa mji alishuka katika mji wenye msikiti! Wasomaji wengi wanaupita mstari huo haraka. Mimi naona ndio wenye thamani kuliko ndoto, panya na majahazi yote saba, kwa sababu haumsaidii mtu yeyote aliyekuwa na haja ya kuusifu ukoo wa Shirazi. Umebaki pale kwa kuwa watu walikuwa wanaujua.

Mlinzi aliponionyesha sarafu, niliinama karibu kugusa kiganja chake kwa paji la uso. Ni vidude vya shaba, vidogo kama ukucha, vimeota kutu ya kijani. Kilwa ilizifua kwa maelfu. Sarafu za falme nyingine za Kiislamu zilibeba mwaka na jina la mji zilikofuliwa. Hizi hazina. Zina kitu kingine: upande mmoja maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande zote mbili zinamalizika kwa kina kimoja, kama mishororo ya shairi. Sijui kama kuna dola nyingine iliyowafanya watu walipie samaki kwa beti. Na jina linalorudi mara nyingi, Kilwa na hata kisiwani Mafia, ni Ali bin al-Hasan.

Basi alikuwapo. Vitabu vinamchanganya, kimoja kinamwita mwana wa Husein, lakini shaba haina sababu ya kukosea jina la aliyeamuru ifuliwe. Swali likabaki la wakati. Chittick, akitazama tabaka ambamo sarafu hizo zilianza kuonekana, alimteremsha Ali kutoka mwaka 957 hadi karibu na 1200. Kwa muda wa miaka mingi hilo lilikuwa jibu la wasomi: hadithi imezidisha zaidi ya miaka 200.

Jibu hilo lilivunjwa Pemba. Kusini mwa Wete kuna kisiwa kidogo, Mtambwe Mkuu, unachoweza kukifikia kwa kutembea mchangani maji yakikupwa. Leo ni mashamba na wavuvi. Mtu asiyeambiwa hatajua kwamba amekanyaga mji. Mwaka 1984 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua hapo akiba iliyozikwa: zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Dinari za Wafatimi zina tarehe. Ya karibuni kabisa ni ya mwaka 1066. Na miongoni mwa majina yaliyomo kwenye zile fedha ndogo lilikuwapo la Ali bin al-Hasan.

Mtu akizika mfuko wenye dhahabu ya 1066 na sarafu za Ali, Ali hawezi kuwa wa 1200. Alirudishwa nyuma mara moja, katika nusu ya pili ya karne ya 11. Kwa hiyo hadithi ilikosea kwa kiasi cha miaka 100 kwa upande mmoja, na Chittick kwa zaidi ya 100 kwa upande wa pili. Na wazee wa Kilwa, ambao hawakuwa na mtaro wala darubini, hawakuwa mbali kuliko profesa. Kitu kingine kilichonifurahisha ni kwamba fedha ya Ali ilikuwa Pemba. Majahazi yale ya ndugu, moja Pemba na jingine Kilwa, huenda yanakumbuka jambo fulani la kweli: miji iliyofungamana kwa fedha, ndoa na dini, ambayo baadaye ilihitaji baba mmoja ili ieleze undugu wake.

Na Ushirazi? Hapa watu hukasirika. Wakati wa ukoloni ilikuwa rahisi kusema kwamba kila jiwe la pwani lilipandishwa na mgeni. Wasomi waliofuata, akiwamo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwa vyungu na chuma kwamba mizizi ya miji hii iko Afrika, na wengine wakaenda mbali zaidi wakaona Shirazi ni jina la heshima tu, lisilo na Mwajemi ndani yake. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na jirani yake Songo Mnara zikiwamo. Urithi wa Kiafrika ulikuwa mkubwa na umetoka hasa kwa akina mama. Urithi wa Kiasia ulikuwapo pia, umetoka hasa kwa akina baba, na sehemu yake kubwa ni ya Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000.

Ni lazima kusema kwamba mifupa hiyo mingi ilitoka katika makaburi ya watu wenye nafasi, karibu na misikiti. Mvuvi wa kawaida hakuzikwa chini ya nakshi, kwa hiyo hatumjui vizuri. Hata hivyo, mwanamume wa Kiajemi, mwanamke wa Kiafrika, karibu na mwaka 1000: hiyo ni habari ya binti ya Mrimba. Simulizi ya Kiswahili ya 1907, ambayo wanahistoria waliiweka nyuma ya Kiarabu na Kireno kwa kuwa ni ya mdomo na imechelewa kuandikwa, ndiyo iliyobeba jambo lenyewe. Kisiwa hakikununuliwa kwa kitambaa peke yake. Mgeni aliozwa, na aliyeozwa anakaa kwa masharti ya wakwe. Nguo nazionea mahali pake palepale, kwenye mahari. Lakini hilo ni wazo langu, vitabu visilaumiwe.

Kutoka mjini, njia ya mguu inaelekea mashariki kati ya mashamba ya mihogo mpaka kwenye jabali linalotazama bahari, na hapo juu ndipo ilipo Husuni Kubwa. Ukiwa na siku moja tu Kilwa, lete macho yako hapa kabla ya jua kuwa kali. Jumba lina vyumba zaidi ya 100, nyua zilizoshuka kwa ngazi, maghala ya bidhaa, na birika la kuogea la pembe nane lililochongwa kwa usahihi wa kumtia wivu fundi wa leo. Chini kabisa ngazi zinateremka kwenye mikoko, ambako mashua za wageni zilifunga kamba. Alilijenga al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Jiwe lenye jina lake lilichimbuliwa humuhumu. Hakulimaliza. Baada yake halikukaliwa kwa muda mrefu.

Hasan huyu tunamjua vizuri kuliko Ali. Ukoo wake, Mahdali wenye asili ya Yemen, ulikuwa umeshika utawala tangu mwishoni mwa karne ya 13, kwa hiyo kizazi cha Nguo Nyingi kilikuwa kimekwisha kuondolewa kitini. Msafiri Ibn Battuta alifika kwake mwaka 1331 akaandika habari za ukarimu wake. Fakiri mmoja alimsimamisha akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia kubadili, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa 10, na sultani, alipoona watu wamefurahi, akamwongezea fakiri watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Huo ulikuwa ukarimu wa zama hizo, na msomaji wa leo anaruhusiwa kuuliza wale watumwa 20 walikuwa nani. Ibn Battuta huyohuyo anasema mji ulijengwa kwa mbao. Nimesimama katika ua wa Husuni Kubwa nikilikumbuka neno hilo. Jumba la mawe la Hasan ni la miaka hiyohiyo, na msafiri mashuhuri kuliko wote hakulitaja hata kwa neno. Anayetaka kuandika historia kwa kutegemea shahidi mmoja aje asimame hapa.

Shaba ya Hasan ilisafiri. Moja ya sarafu zake iliokotwa Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara, kwenye nchi ya dhahabu iliyomtajirisha. Nyingine za Kilwa, tano kwa hesabu, ziliokotwa na askari mmoja mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi, na namna zilivyofika huko imewashughulisha watu tangu hapo. Pamoja na hayo yote, watoto wa Kilwa hawasimuliwi Hasan. Ana jumba, ana maandishi, ana shahidi wa kimataifa, lakini hana mke katika hadithi wala nguo zilizotandikwa ufukoni. Ali hana jengo hata moja ambalo unaweza kuliwekea mkono ukasema ni lake, na ndiye anayeishi.

Dhahabu iliyobaki ilikwenda mbali. Vasco da Gama alifika na mizinga mwaka 1502, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi, na kwa dhahabu hiyo ilitengenezwa Custódia de Belém, chombo cha ibada cha Kikatoliki kilichokamilishwa na Gil Vicente mwaka 1506. Kipo katika jumba la makumbusho Lisbon. Miaka mitatu baada ya da Gama alikuja Francisco de Almeida, mji ukaporwa, na Gereza likaanza kujengwa.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kwa miaka 10, kuanzia 2004 hadi 2014, zilikuwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi yakila kingo na mizizi ikipasua kuta. Kazi iliyofanyika kuzitoa huko inaonekana katika kila ukuta uliopigwa chokaa mpya.

Songo Mnara ni kisiwa kingine kusini zaidi, na safari yake ni ya nusu siku au zaidi kutegemea upepo na maji. Usiifanye siku moja na Kisiwani. Patana na nahodha jioni, muulize maji yatajaa saa ngapi, maana yakikupwa utashuka mbali na kutembea kwenye tope la mikoko ukiwa umebeba viatu. Kibali unalipia Masoko kabla ya kupanda chombo. Mji wake ni wa karne ya 14 na 15, nyumba zimesimama na milango yake, mabaraza yake, hata vishubaka vya ukutani. Katika nyumba mojawapo wachimbaji walikuta lundo la zaidi ya sarafu 300 za aina ya Kilwa. Zilizofuliwa kwa jina la Ali zilikuwamo, kiasi cha miaka 300 baada ya yeye kufa, zikiwa zimechanganyika na za masultani waliomfuata.